Nilikanyaga Breki

Nilikanyaga breki. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililolisema pale kliniki, nikalirudia nyumbani, nikalirudia tena mbele ya ukoo wa mume wangu uliojaa kwenye makochi yote mpaka mikononi mwa makochi, na hakuna aliyenisikia. Nilikanyaga kwa mguu wa kulia, pedali ikashuka, nikakisukuma kigari kidogo kuhakikisha, kikatulia. Ndipo nikageuka kumpa nesi kadi ya mtoto dirishani.

Kliniki ile ina njia ya mteremko mlangoni, iliyojengwa kwa ajili ya viti vya wagonjwa, na foleni ya kina mama inajipanga hapo hapo kwenye mteremko. Niligeuka kwa muda wa kutaja jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, basi. Nikasikia watu nyuma yangu wakivuta pumzi. Kigari kilikuwa kimeshashuka hatua kumi, na binti yangu yumo ndani, miezi minane, kafungwa mkanda, anacheka. Mlinzi wa getini alikikimbilia akakidaka, lakini kilikuwa kimeshagonga ukingo wa simenti, na Bonge akapata mkwaruzo juu ya nyusi, mfupi kama punje ya mchele. Tunamwita Bonge kwa sababu ya mashavu. Nesi akaufuta kwa pamba, akabandika plasta.

"Mama, siku nyingine ufunge breki," akasema.

"Nimefunga."

Akanitazama vile mtu anavyomtazama mama ambaye mtoto wake ametoka kuteremka peke yake. Nikajua maneno yangu hayana soko.

Sasa, mimi si mtu wa kufundishwa habari za breki. Kazi yangu ni kuosha vitanda vya wodi. Mashuka ni ya dobi. Mimi ni chuma, reli, godoro na magurudumu. Mgonjwa akiruhusiwa, au akiondoka kwa ile njia nyingine, kitanda kinaletwa kwenye chumba chetu cha nyuma, nakigeuza, natoa nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye ekseli, naosha, nakausha, natia mafuta panapostahili, najaribu breki zote nne. Miaka sita sasa. Kitanda nilichokiosha mimi hakijawahi kumtembeza mgonjwa. Mguu wangu unafunga breki bila kuniuliza, hata dukani nikishika toroli najikuta nakanyaga hewa.

Kigari chenyewe si changu. Ni cha ukoo. Mama mkwe alikinunua alipozaliwa mjukuu wake wa kwanza, na Bonge ni mtoto wa saba kupanda humo. Ni cha zamani, chuma kitupu, kitambaa cha bluu kilichopigwa na jua, na breki zake si za meno kama za vigari vya siku hizi: ni vipande viwili vya mpira vinavyobana matairi ya nyuma ukikanyaga pedali. Kikitoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa mwingine kuna utaratibu. Anayekiachia anakiosha, anakipeleka kwa mama mkwe, na mama mkwe anakikagua kwa kitambaa chake cheupe.

Kitambaa hicho hakiguswi na mtu mwingine. Mama mkwe anakifua mwenyewe, anakipiga pasi mwenyewe, na hakina kazi nyingine duniani ila kuaibisha wakwe. Anakipitisha kwenye mishono ya kiti, chini ya mpini, ndani ya kifungo cha mkanda, halafu anakiinua kwenye mwanga wa dirisha ukoo mzima ukione. Mke wa shemeji yangu mkubwa alirudishiwa kigari mara mbili kwa sababu ya kombo moja la biskuti. Ni miaka minne sasa na bado anaitwa Biskuti. Katika familia ile jina likishakupata, unazeeka nalo.

Basi alasiri ile ile ya kliniki kikao kikaitwa. Kiliongozwa na wifi yangu mkubwa, ambaye tunamwita Mwenyekiti ingawa hakuna aliyempigia kura. Alikiweka kigari katikati ya sebule ya mama yake, kwenye sakafu iliyonyooka, akakanyaga breki, akasukuma. Hakikwenda. Akasukuma tena. Hakikwenda. Akanigeukia taratibu, anavyopenda yeye.

"Wifi, mbona breki nzima hii?"

"Nilikanyaga."

"Kama ulikanyaga, kigari kiliteremkaje? Kilitumwa dukani?"

Watu wakacheka. Waliocheka nawakumbuka, kila mmoja na kochi lake.

Mama mkwe hakucheka. Heri angecheka. Alinishika mkono, akasema kwa ile sauti yake ya kumbembeleza mtoto anywe dawa, "Mwanangu, hakuna anayesema humpendi mtoto. Tunasema una mambo mengi. Zamu, nyumba, uchovu. Akili inakuwa huku, mguu uko kule. Ngoja sisi tukusaidie."

Msaada wenyewe ulikuwa umeshapangwa kabla sijafika. Kuanzia Jumatatu Bonge ashinde kwa bibi yake. Kigari kifungiwe stoo kwa mama mkwe, mimi nisikishike. Baada ya wiki mbili, Jumamosi, kitanda cha mtoto kihamie huko moja kwa moja, awe analala kwa bibi tangu Jumatatu mpaka Ijumaa, "mpaka atakapopata akili ya kujishika." Jumamosi hiyo hiyo kigari kikabidhiwe kwa wifi yangu mdogo, ambaye mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa tisa.

Nilimtazama mume wangu anitetee. Baba Bonge alikuwa amekaa ubavuni mwa mama yake, ameinamisha kichwa, anakwangua kitu kwenye ukucha wa kidole gumba kwa njiti ya kiberiti. Akasema bila kuinua uso, "Mama anataka kusaidia tu." Akaendelea kukwangua.

Ningefanya nini? Ukibishana unaambiwa unajitetea kwa sababu una kosa, ukinyamaza unaambiwa umekubali.

Wiki mbili zile siombi kuzirudia. Nilimpeleka mtoto asubuhi, nikamfuata jioni, na kila jioni nilimchukua akinuka dawa ya kuchua ya mama mkwe. Niieleze kidogo dawa hiyo. Mama mkwe ana magoti mabovu, na kwa ajili ya magoti anajichanganyia mwenyewe mafuta fulani, yana kafuri na kitu kingine asichokitaja hata kwa binti zake, anayatia kwenye chupa ya kahawia inayokaa mfukoni mwa gauni lake. Ilianza kama dawa ya magoti. Sasa ni dawa ya kila kitu. Kufuli likikwama, chupa. Mkasi ukiwa mzito, chupa. Zipu, bawaba za milango, cherehani, kikohozi, chupa. Nyumba nzima ukifungua mlango unanukia kifua cha mgonjwa. Mtoto akilala mapajani mwake mchana kutwa lazima aambukizwe harufu, na mimi nilikuwa nambeba mwanangu njiani nikiona kama nimeazimwa.

Mwenyekiti naye akaanza kuniita Mama Breki. Mara ya kwanza kwa utani. Mara ya tatu hata watoto wa jirani walikuwa wameshika.

Lakini kilichonichoma zaidi hakikuwa jina. Nilianza kujishuku. Nikiwa kazini nilifunga breki za kitanda, nikafika mlangoni, nikarudi kuziangalia. Zimefungwa. Nikaenda, nikarudi tena. Mguu wangu, huu niliouamini miaka sita, nikawa nauuliza maswali. Nikilala naiona pedali inashuka, halafu najiambia, labda hukuikanyaga, labda ulikusudia tu. Ukiambiwa jambo na watu kumi na wawili wenye sura za huruma, hata jina lako unaweza kuulizia.

Alhamisi ya wiki ya pili nilitoka zamu mapema, nikapitia kigari kwa mama mkwe, maana kuosha ni kazi ya anayeachia na kwa kuosha tu ndipo niliruhusiwa kukishika. Nikakifikisha uani kwetu. Mtoto alikuwa bado kwa bibi yake. Nikajaza beseni mbili, nikachukua bisibisi, kisu kisicho na makali, mswaki wa zamani, nikakaa kwenye kigoda na hasira zangu.

Nilivua kitambaa chote. Watu huwa wanaosha juu juu, wanasugua panapoonekana. Mimi nilifungua vifungo vyote kumi na sita, nikakung'uta. Ikatoka soksi moja ya mtoto ambaye sasa anasoma darasa la tatu, kifuniko cha chuchu ya chupa, na makombo ya biskuti, na nikasema moyoni, Biskuti, dada yangu, walikuonea, yamo ya miaka yote. Mikanda nikailoweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, bila dawa ya madoa, maana ile inakula nyuzi na mkanda wa mtoto si wa kuchezea. Penye ukungu nikapaka siki, nikaanika kivulini. Nikaugeuza mwili wa kigari miguu juu. Magurudumu ya mbele nikayachomoa, nikatoa nywele kwenye ekseli, kisokoto kizima.

Ndipo nikafika kwenye breki.

Nilipitisha kidole kwenye kipande cha mpira cha upande wa kulia, kikateleza. Nikadhani ni sabuni. Nikakausha kidole, nikapitisha tena. Kidole kikatoka na uji mweusi, laini, mafuta yaliyoshikana na vumbi. Upande wa kushoto vile vile, na tairi lenyewe, pale linapobanwa, linang'aa kama kiatu cha harusi. Mtu alikuwa ametia mafuta kwenye breki.

Mafuta ni ya ekseli. Breki haitiwi mafuta, breki kazi yake ni kukataa, ukiipaka mafuta umeiambia ikubali. Siku yangu ya kwanza kazini jambo hilo niliambiwa kabla sijaonyeshwa choo.

Nikarudisha magurudumu, nikaweka dumu la maji kwenye kiti cha kigari, karibu na uzito wa Bonge na mashavu yake. Sakafuni, pale palipo sawa, nikakanyaga breki, nikasukuma. Kikashika, kama kilivyomshikia Mwenyekiti. Nikakipeleka nyuma ya bafu, kwenye mteremko wa mfereji, nikakanyaga, nikasukuma kidogo kuhakikisha. Kikatulia. Nikaondoa mikono, nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Kwenye tano tairi likaanza kuteleza kwenye mpira, taratibu, kimya kimya, halafu si taratibu tena. Nikakidaka. Tano ni muda wa kutaja jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa.

Nikakaa chini kwenye simenti iliyolowa, nikalia. Nililia kwa hasira, na kidogo kwa ajili ya mguu wangu.

Halafu nikafuta machozi kwa mgongo wa mkono, mkono ukapita puani, na nikasikia kafuri.

Baba Bonge aliingia saa kumi na moja na mtoto begani. Nilimpokea mtoto, nikamkalisha kwenye mkeka, nikamsogezea mume wangu kidole.

"Baba Bonge, nusa."

Hakunusa. Mtu asiyejua kitu huwa ananusa kwanza. Yeye alikitazama kidole, akatazama kigari, akakaa kwenye kigoda changu.

"Ulijua," nikasema.

"Sikujua mwanzoni."

"Niambie."

Akaniambia, kwa vipande, nikivuta kila kipande. Jumapili kabla ya ile siku ya kliniki alikuwa amempeleka Bonge kumsalimia bibi yake. Kigari kilikuwa kinalia njia nzima. Mama mkwe akasema mjukuu wake hawezi kutembea na makelele hayo kama muuza ndoo, akatoa chupa. Baba Bonge akakigeuza miguu juu, akakishikilia, mama yake akadondosha mafuta kila palipokutana chuma na chuma, na palipokutana mpira na mpira pia, maana mkono wake ukishaanza kubariki haujui mwisho.

"Na ulijua lini kwamba ndicho kilichoteremsha mtoto?"

"Siku ile ile. Nilipokuja kuwachukua kliniki nikakikunja kigari. Mkono ukanuka, mafuta yakaingia kwenye kucha."

Nikaona ile njiti ya kiberiti. Nilikuwa nimekaa mbele ya watu kumi na wawili nasemwa, na mume wangu alikuwa anaukwangua ushahidi wangu kwenye ukucha.

"Ukakaa kimya," nikasema.

"Mama ana presha. Akijua ni yeye aliyemwangusha mjukuu wake ataanguka yeye. Unamjua."

"Na mimi?"

"Wewe una nguvu, Mama Bonge."

Hiyo ndiyo sifa wanayokupa wakitaka kukutwika gunia. Nilitaka kumwagia beseni. Yeye akaendelea, tena kwa upole, akidhani ananituliza. "Wewe osha tu. Ukiosha imekwisha. Breki itashika, dada atapata kigari kizima, na mtoto kulala kwa Mama ni miezi michache. Kwa nini tuvunje moyo wa mtu mzima?"

"Na kikilia tena?"

"Nini?"

"Kigari. Kikilia tena na mtoto wa wifi yangu yumo ndani. Mama atatoa nini mfukoni?"

Akamchukua Bonge, akaingia ndani, na mimi nikarudi kwenye beseni zangu.

Nilikiosha kigari kile jinsi ambavyo hakijawahi kuoshwa tangu kitoke kiwandani. Kila mshono, kila skrubu. Kifungo cha mkanda nilikisafisha kwa pamba na njiti, tundu kwa tundu. Breki sikuzigusa. Nilizifunga kwa mfuko wa nailoni na uzi, kila moja na wake, zisipate hata tone la maji.

Jumamosi asubuhi Baba Bonge alikifungua kitanda cha mtoto, akapakia mbao zake kwenye pikapu ya jirani, na tukaenda. Mbao zikaegemezwa kwenye ukuta wa varanda ya mama mkwe, tayari. Ukoo ulikuwa umeshakaa. Biskuti alikuwepo. Wifi mdogo alikuwa kwenye kiti kirefu, miguu juu ya mto, tumbo mbele yake. Bibi akampokea Bonge, akambusu juu ya nyusi, pale ambapo mkwaruzo ulikuwa umebaki alama nyeupe, akampa Biskuti amshike, akatoa kitambaa.

Alianza na mpini. Akainua kitambaa dirishani. Cheupe. Akapita kwenye mishono ya kiti, kwenye kofia ya kigari, chini ya mikanda. Cheupe. Akafungua kifungo, akaingiza ncha ya kitambaa ndani kwa kidole kidogo, akazungusha. Cheupe. Nilimwona Mwenyekiti anajikohoza kwa kukosa la kusema.

"Kuosha unajua," mama mkwe akasema. Alimaanisha kwamba kulea ni habari nyingine. Akaanza kukunja kitambaa.

"Mama, bado breki," nikasema.

"Breki hatukagui."

"Leo naomba tukague."

"Mama Bonge," akasema mume wangu, kwa sauti ya chini. Nilimwacha na sauti yake. Nikakilaza kigari ubavu, nikakata uzi, nikavua mifuko ya nailoni mbele ya macho yao, nikasogea pembeni.

Mama mkwe aliinama kwa shida, akipumzisha mkono kwenye goti, akapitisha kitambaa mara moja. Kikatoka cheusi.

"Haya sasa," akasema Mwenyekiti, akiwa amepata uhai. "Mama Breki huyo. Anaosha penye kuonekana, penyewe anaacha—"

"Nyamaza," akasema mama yake.

Alikuwa amekiinua kitambaa kwenye mwanga, kama desturi, na njiani kikapita karibu na pua yake. Akakirudisha puani. Akanusa. Akakitazama kile cheusi muda mrefu, halafu mkono wake mwingine ukaenda wenyewe mfukoni mwa gauni, ukashika chupa, ukabaki humo.

"Hii ni yangu," akasema.

Nikaeleza, na sikueleza kwa jeuri, nilieleza kama ninavyowaeleza wageni kazini: mafuta kwenye mpira, sakafuni inashika, mteremkoni inashika kwa kuhesabu mpaka tano halafu inaachia. Nikasema nilijaribu kwa dumu la maji.

"Kilikuwa kinalia," mama mkwe akasema, kama anayejisomea. "Jumapili ile. Nilikitia mimi." Kisha akageuka. Sikuwa nimemtaja mtu, lakini alikuwa anakumbuka mwenyewe, na aliyekumbukwa alikuwa amesimama mlangoni. "Wewe ndiye uliyenishikia."

"Ndiyo, Mama," akasema Baba Bonge.

"Na ulijua?"

"Una presha, Mama."

"Presha yangu nimekupa wewe uitunze?" Hakupaza sauti. Ingekuwa heri kwake angepaza. "Wiki mbili umeniacha namsema mtoto wa watu. Nimemwita msahaulifu kwenye meza yangu, nikala na chakula juu yake. Nimemnyang'anya mwanawe kwa mikono hii. Wewe umekaa hapa, ubavuni kwangu, unajua. Ulinihurumia, sivyo? Huku ndiko kunihurumia?"

Mume wangu alitazama vidole vyake. Safari hii havikuwa na kitu.

Mama mkwe akaomba beseni, maji ya moto na sabuni. Mwenyekiti akainuka haraka kuleta na kuosha yeye. Mama yake akamwambia alete, akae. Halafu yule mama mwenye magoti yale akashikilia meza, akajishusha, goti moja, la pili, mpaka sakafuni mbele ya kigari.

Adabu ilinituma nimwinue. Nimelelewa hivyo, mkubwa hapigi magoti wewe umesimama. Mikono ilianza kwenda. Nikairudisha. Nilikuwa nimedai kitu kwa wiki mbili na hiki ndicho kilichokuwa kimeletwa, sikuwa tayari kukikataa kwa ajili ya adabu.

Akamwaga maji kwenye breki, akasugua kwa kile kitambaa cheupe. Mafuta yakatawanyika tu.

"Anza na sabuni ya unga kavu, Mama," nikasema. "Inyonye kwanza. Maji baadaye."

Akafanya hivyo. Nikampa mswaki wangu. Nikamwonyesha pembe ya nyuma ambako mafuta yanajificha, na tairi lote, si kipande kile tu. Akasugua, akauliza kama inatosha, nikasema bado, akasugua tena. Jasho lilimtoka. Kitambaa kilikuwa kimekuwa cha rangi ya barabara, hakingekuwa cheupe tena hata kwa miujiza, na hakukitazama mara ya pili. Alipomaliza alitoa chupa ya kahawia mfukoni, akampa wifi mdogo.

"Iweke juu ya kabati. Ni ya magoti."

Akaniomba mkono. Hapo nilimpa, nikamwinua.

Mlango wake wa nyuma unafungukia mteremko wa kuingizia gari. Tulikipeleka kigari huko, nikaweka dumu la maji ndani, na ukoo ukafuata ukajazana mlangoni, Biskuti mbele na Bonge mkononi.

"Kanyaga," akasema mama mkwe.

Nikakanyaga, mguu wa kulia. Pedali ikashuka. Nikaondoa mikono. Alihesabu yeye, kwa sauti, na hakuishia tano. Alifika ishirini. Halafu akashika mpini kwa mikono yote miwili, akakisukuma kigari kuelekea chini kwa nguvu zake zote, na mwili wake si mdogo. Matairi yalikwaruza. Kigari hakikwenda.

Akaachia mpini, akavuta pumzi.

"Nilikanyaga, Mama," nikasema. "Siku ile."

"Ulikanyaga, mwanangu." Akawageukia waliokuwa mlangoni, akamtafuta Mwenyekiti mpaka akampata. "Mmesikia wote? Alikanyaga."

Hakuna aliyecheka, na sikusema yamekwisha, maana hayajaisha. Nikamchukua mtoto wangu mikononi mwa Biskuti. Upande wa mbele Baba Bonge alikuwa ameshaanza kurudisha mbao za kitanda kwenye pikapu, moja moja, na hakuna aliyekwenda kumshikia.